Spea za baiskeli ya saiklokrosi kwa mchanga wa Mtwara: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Ukisoma tathmini za spea za saiklokrosi (mbio za baiskeli za kupita kwenye tope, mchanga na vizuizi, ambako pengine unashuka na kuibeba baiskeli) zilizoandikwa Ubelgiji au Uholanzi utadhani adui wa baiskeli ni tope peke yake. Mtwara tope lina miezi yake, kuanzia Desemba mvua zinapokolea hadi Aprili hivi. Miezi mingine yote kazi inafanywa na mchanga: ule wa pwani kuelekea Msimbati, na ule laini wa mikoroshoni ukipanda uwanda wa Makonde, unaoingia hadi kwenye viungo vya cheni. Juu yake kuna hewa ya chumvi, ambayo haisubiri hata uendeshe. Baiskeli iliyotundikwa ukutani Shangani inaliwa vilevile. Kwa hiyo kila spea hapa imepimwa kwa maswali mawili. Mchanga na chumvi vitaifanya nini? Na ikifa Ijumaa jioni, kuna chochote kwenye maduka ya spea ya Chikongola kitakachoiokoa, au ni kusubiri mzigo wa basi kutoka Dar, kilomita mia tano na ushee?

Uzito umewekwa nyuma kwa makusudi. Sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, inadai baiskeli isipungue kilo 6.8, na baiskeli ya alumini yenye spea za daraja la kati hukaa kwenye kilo 9 hivi. Ukiweza kuipunguza gramu 300, vizuri. Lakini gramu hizo hazikuokoi ukiwa na direla (kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia) iliyopinda.

Fremu

Anza hapa, kwa sababu fremu ndiyo inayoamua habu (kitovu cha gurudumu), breki na krenki (mikono ya pedeli). Alumini yenye uma wa kaboni ndiyo chaguo letu kwa pwani hii. Chuma ni kitamu kuendesha, lakini kinaozea ndani ya mabomba ambako huoni. Ukikipenda, puliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila bomba kabla ya kufunga chochote. Fremu ya kaboni haili kutu, ila vipande vya alumini vilivyogandishwa ndani yake huliwa na chumvi, na ufa wa kaboni hauzibwi kwa mashine ya kuchomelea iliyoko gereji.

Kigezo cha kwanza ni beringi za krenki: chukua fremu ambayo vikombe vya beringi hufungwa kwa nyuzi, aina ya BSA, upana wa 68 mm. Fremu ambazo beringi zake zinashindiliwa bila nyuzi zinahitaji kifaa cha kushindilia na kingine cha kung'oa, na punje za mchanga zikishaingia kati ya kikombe na fremu huanza kulia kwa kila mkanyago. BSA ikilia unaifungua, unaisafisha, unapaka grisi, unairudisha.

Cha pili ni hanga, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia direla ya nyuma. Kimetengenezwa kipinde ili fremu isipinde, na kitapinda. Karibu kila fremu ina hanga ya umbo lake, kwa hiyo nunua mbili za akiba siku ileile ya kununua fremu, hasa kama ni ya mtumba; miaka mitano baadaye hutazipata. Fremu yenye mfumo wa UDH (hanga ya umbo moja kwa wote) inakuondolea tatizo hili, kwani hanga moja inaingia kwenye fremu za kampuni nyingi.

Nafasi ya tairi: sheria ya mashindano inaishia 33 mm, lakini tafuta fremu inayopokea 40. Mchanga ukichanganyika na majani makavu ya mikorosho hujaa kwenye uma kama nyasi kwenye mashine, na siku zisizo za mashindano utataka tairi pana. Angalia pia waya zinapita wapi. Zikipita juu ya bomba la juu au ndani ya fremu zikiwa na mfuko (ganda la nje la waya) mzima toka mwanzo hadi mwisho, safi. Zikipita uchi chini ya krenki, hapo ndipo mchanga unapomwagikia.

Magurudumu na tairi

Pesa nyingi iende hapa. Mshindi wa mbio za saiklokrosi huamuliwa kwenye mchanga hata huko Ulaya zilikozaliwa. Koksijde, Ubelgiji, kwenye vilima vya mchanga vya pwani, palifanyika mashindano ya dunia mwaka 2012, na mwaka 2021 yakafanyika Oostende, ambako njia ilishuka hadi ufukweni. Wanaopita mchanga ule wakiwa wamekaa kwenye kiti, wakati wengine wanashuka na kubeba, silaha yao ni mbinu na upepo mdogo kwenye tairi. Upepo mdogo unahitaji tairi isiyo na tyubu, la sivyo tyubu inabanwa kati ya ringi na jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba.

Ringi iwe na upana wa ndani wa 19 hadi 21 mm. Hapa kuna mtego: tairi iliyoandikwa 33 ikifungwa kwenye ringi ya 25 mm inaweza kutanuka hadi 34 au 35, na mkaguzi hasomi maandishi, anapima tairi. Ipime mwenyewe kwa vernia (rula ya kubana ya kupimia unene) ikiwa imejazwa na kulala usiku mmoja, maana tairi mpya huendelea kutanuka.

Spoki 28 mbele na nyuma zinatosha kwa mwendeshaji wa chini ya kilo 75. Juu ya hapo weka 32 nyuma. Fundi yeyote wa Phoenix anajua kunyoosha gurudumu kwa jicho na kidole, na wengine wanafanya hivyo vizuri kuliko wenye stendi. Asichoweza ni kukupa spoki ya urefu wako. Spoki za Phoenix ni za ringi kubwa zaidi na habu nyembamba, hazilingani. Agiza spoki sita za akiba za kila urefu, na gurudumu lenye breki ya diski huwa na urefu zaidi ya mmoja.

Ringi yenyewe: ya 700C ina kipenyo cha 622 mm, ya Phoenix ya 28 × 1½ ni 635. Tofauti ya 13 mm inatosha kuifanya tairi ya Phoenix iteleze nje ya ringi yako, kwa hiyo usijaribu hata kwa dharura. Tyubu ya Phoenix inaweza kuingia ndani ya tairi ya 33, lakini valvu yake ni nene na tundu la ringi yako ni la 6.5 mm, la valvu nyembamba. Kuna mafundi watakaotoa drili. Kataa. Tundu likishapanuliwa, ringi imedhoofika palepale na valvu yako ya tyubulesi haitaziba tena. Beba tyubu moja ya 700C yenye valvu nyembamba, basi.

Kwa tairi tumegawa hivi. Mchanga mkavu na ardhi ngumu: Challenge Dune, au Vittoria Terreno Dry. Zote zina kashata (vinundu vya mpira vya kushika ardhi) ndogo katikati, na kwenye mchanga mkavu kashata kubwa hazisaidii kwa sababu mchanga hauna kitu cha kushikwa. Unataka tairi ielee juu, isichimbe. Kiangazi kizima hutahitaji nyingine. Mvua zikianza, na hasa ukishuka kwenye mabonde yenye tope jeusi la mfinyanzi, Vittoria Terreno Wet inashika na kujisafisha. Kama bajeti ni ya jozi moja tu, Schwalbe X-One Allround ya 33 inakubali hali zote bila kung'ara popote. Tairi za kubandikwa kwa gundi ndizo tamu kuliko zote kwa upepo mdogo, ila kazi ya kuzibandika ni ya siku mbili tatu, na ukipata pancha ya mwiba wa mgunga umekwisha. Ziache.

Upepo: kwa mwendeshaji wa kilo 70 na tairi ya 33 bila tyubu, anza na bar 1.7 (psi 25 hivi) kwenye ardhi ngumu, shuka hadi 1.3 (psi 19) kwenye mchanga. Ukitumia tyubu usishuke chini ya 2.2. Geji ya kompresa ya kijiwe cha bodaboda haisomi tofauti hizi. Nunua geji ndogo inayoishia bar 4 au chini yake. Kompresa yenyewe ni rafiki yako siku ya kukalisha tairi kwenye ringi: toa kiini cha valvu, paka maji ya sabuni kwenye kingo, pulizia kwa nguvu hadi usikie mlio wa tairi likikaa. Shika kidole kwenye kitufe. Ringi zisizo na ndoano ya ukingoni ya kushikilia tairi zinaishia bar 5, na kompresa ile haikujui.

Dawa ya pancha, mililita 60 kwa tairi. Maelekezo ya chupa husema iongezwe kila baada ya miezi miwili hadi sita. Kwa joto la pwani fungua na uchungulie kila wiki nne hadi sita. Ukitikisa gurudumu sikioni na husikii maji, imekauka.

Habu

Fremu nyingi za sasa zina ekseli nene ya 12 mm inayopita katikati ya habu, 100 mm mbele na 142 nyuma. Chukua hiyo, kwa sababu diski inarudi palepale kila ukitoa gurudumu. Ukipata habu zenye beringi za kopo, soma namba pembeni mwa beringi, kwa mfano 6902, na uagize seti mbili mara moja. Maduka ya spea za pikipiki yamejaa beringi za 6202 na 6301, na hakuna hata moja itakayoingia: 6902 ni 15 × 28 × 7 mm, wakati 6202 ina tundu hilohilo la 15 lakini nje ni 35 na unene 11.

Ukiwa na fremu ya zamani kidogo yenye ekseli nyembamba ya kubana kwa wenzo, mambo yanageuka kuwa mazuri bila kutarajia. Habu za Shimano za aina hiyo hutumia gololi huru: nyuma robo inchi, tisa kila upande, mbele 3/16, kumi kila upande. Ni saizi ambazo fundi wa Phoenix anazo kwenye kopo la maziwa mezani kwake. Chagua zinazong'aa bila alama, weka grisi ya kutosha, na usibane koni hadi mwisho. Acha mchezo mdogo kabisa ambao utapotea wenzo ukibanwa.

Gia

Sproketi moja mbele, bila mjadala. Direla ya mbele ni mtego wa mchanga na ni waya mmoja zaidi wa kuganda. Meno 40 mbele na kaseti ya 11-42 nyuma yanakupa kilomita 41 kwa saa ukizungusha mara 90 kwa dakika kwenye jino dogo, na kilomita 7 hivi ukikanyaga mara 60 kwenye jino kubwa. Huo wa chini ni mwendo wa kukimbia na baiskeli begani, kwa hiyo gia ndogo zaidi ya hiyo haina maana kwenye mashindano.

Mkusanyiko tunaoupa alama ya juu ni wa kuchanganya: krenki ya Shimano GRX RX600 yenye meno 40, direla ya GRX RX812, kaseti ya SLX ya 11-42, na shifta (mikono ya gia na breki) za Shimano 105 R7000 za breki za waya. Zote ni za gia 11 na zinavuta waya kwa kipimo kimoja. RX812 ina klachi inayokaza cheni. Izime unapotoa gurudumu, iwashe kabla ya kuondoka. Watu huisahau ikiwa imezimwa, halafu wanalaumu sproketi cheni ikiruka.

Kasoro ya shifta hizi inajulikana. Waya wa gia unakunjwa mno ndani ya shifta, na nyuzi zake hukatika mojamoja karibu na kichwa. Dalili ni gia kuanza kusitasita kupanda kwenye meno makubwa, unarekebisha leo, kesho inasitasita tena. Usiendelee kurekebisha. Vuta mpira wa shifta nyuma, sukuma waya nje, ubadilishe. Ukingoja ukatike, kichwa kinabaki ndani na utakitafuta kwa kibano na tochi nusu siku. Waya wa 1.2 mm wenye kichwa kidogo cha duara, unaouzwa kwa ajili ya baiskeli za gia za kawaida, unaweza kuokoa siku. Waya wa pikipiki ni mnene, usahau.

Kosa la pili ni la siku ya kufunga. Kaseti ya SLX ya 11-42 ni fupi kuliko mwili wa habu ya barabarani ya gia 11. Inahitaji washa (pete nyembamba ya kujazia nafasi) ya 1.85 mm nyuma yake. Bila washa hiyo nati inabana hadi mwisho, lakini kaseti inacheza, na mtu anaweza kumaliza wiki akihangaika na direla isiyo na kosa. Nati yenyewe ibanwe kwa 40 Nm (kipimo cha nguvu ya kubana).

SRAM Apex 1 ni mbadala mzuri, ya gia 11 pia, na kaseti yake ya PG-1130 inaingia kwenye habu ya kawaida. Ila shifta za SRAM hazielewani na direla za Shimano, kwa hiyo ukichagua upande, kaa upande huo. GRX ya gia 12, iliyotoka mwaka 2023, ni nzuri zaidi kwa mkono, lakini kaseti zake za 10-45 na 10-51 zinadai habu ya Micro Spline, yenye mwili wa umbo lake peke yake. Kwa anayejenga kwa spea za mtumba hiyo ni gharama ya gurudumu zima.

Cheni: KMC X11 au ya Shimano, ibadilishwe ikifika asilimia 0.5 ya kurefuka. Usiipake mafuta mazito. Mafuta na mchanga ni msasa, na kaseti ya alumini na chuma huliwa kwa msimu mmoja. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, uichovye kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa. Sufuria la nta likae ndani ya sufuria la maji, kamwe si juu ya moto wa mkaa moja kwa moja. Nta ikishika moto humwagii maji. Mishumaa ya dukani inafanya kazi, ingawa inapukutika mapema kuliko nta safi.

Breki

Hapa wataalamu wa Ulaya watatucheka. Breki za mafuta ni bora kwa kila kipimo cha kusimama, na bado kwa Mtwara na Lindi tunapendekeza za waya: TRP Spyre, zenye pedi zinazosogea pande zote mbili. Zinarekebishwa kwa alenki, na waya ukikatika unabadilisha kwa dakika kumi. Angalia jina kabla ya kulipa. Spyre ni ya shifta za usukani uliopinda. Spyke, herufi moja tofauti, ni ya mikono ya breki ya usukani mnyoofu, na kwa shifta zako mkono utagonga usukani kabla pedi hazijabana vizuri. Mfuko wa waya uwe ule usiobonyea, vinginevyo utavuta shifta hadi igonge usukani. Kichwa cha waya kiwe cha umbo la pea; kile cha umbo la pipa kilichojaa madukani hakiingii.

Ukisisitiza mafuta, fikiria umajimaji kwanza. SRAM za barabarani hutumia DOT 5.1 na hupokea DOT 4, ambayo duka lolote la spea za magari linayo. Ila DOT hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani; ibadilishe kila mwaka na usitumie chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita. Shimano hutumia mafuta ya madini, ambayo hayanyonyi maji, lakini lazima uyaagize. Ukiweka DOT kwenye Shimano mipira inavimba na breki imekufa. Mafuta ya alizeti pia hapana, kwani wazo hilo huwa halikosi mtu wa kulitoa.

Diski 160 mbele, 140 au 160 nyuma. Pedi za chuma kilichoshindiliwa hudumu kwenye mchanga wenye maji kuliko za resini, lakini soma diski: ikiandikwa kwamba ni ya resini tu, tii.

Vilivyobaki

Pedeli: Shimano M520. Ni nzito kidogo, bei yake ni ya kibinadamu, na ndani yake kuna gololi unazoweza kuzisafisha. Eggbeater za Crank Brothers hutema tope vizuri zaidi na kwa msimu wa mvua zina hoja, lakini beringi zake hudai huduma ya mara kwa mara. Usukani wa alumini, upana wa mabega. Kiti ukipendacho, mradi reli zake ni chuma. Kuruka juu ya baiskeli baada ya kubeba ndiko kunakozipinda. Nguzo ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya alumini ipakwe grisi na itolewe kila mwezi, kwa maana chumvi ikishaziunganisha hutazitenganisha bila msumeno.

Boliti za stemu 5 hadi 6 Nm, za mkono wa kushoto wa krenki 12 hadi 14 kila moja, zikibanwa kwa zamu. Spana ya toki ni adimu vijiweni, kwa hiyo nenda na yako. Na kama unampa fundi wa mtaani akufungie beringi za krenki, mwambie mapema kwamba kikombe cha BSA cha upande wa cheni kina nyuzi za kinyume: kinabanwa kwa kuzungushwa kushoto, kinafunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Mwambie kabla hajaweka bomba la kuongezea nguvu kwenye spana.